Tone, Tundu na Nukta: Jinsi Printa ya Wino Inavyoandika

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hutumia miaka mingi kulichunguza neno: sauti zake, mofimu zake, maana yake na nafasi yake katika utungo. Ni nadra tukauliza neno hilo lilifikaje karatasini. Tasnifu inapokamilika huhifadhiwa katika kifaa kidogo kinachotoshea mfukoni, hupelekwa katika duka la huduma za tarakilishi karibu na lango la chuo, na baada ya muda si mrefu hutoka ikiwa kurasa mia moja na ushei, tayari kwa msimamizi. Kinachotendeka ndani ya mtambo hutushughulisha tu siku unapogoma, mistari myeupe ikazikata aya kama nyufa za ukuta, au herufi zikaota vivuli.

Makala haya yanadhamiria kueleza kinachotendeka humo, hususan jinsi matundu ya kichwa cha printa ya wino yanavyopangwa na yanavyoamriwa kurusha wino. Printa za leza, ambazo hutumia poda na hazina tundu lolote, hazimo katika mjadala huu. Mwanafunzi anayeelewa mambo haya hatanunua wino mpya pale ambapo kasoro haimo katika wino. Zaidi ya hilo, kuna dai linalosikika hata miongoni mwa wapenzi wa lugha hii, kwamba Kiswahili kinafaa ushairi na siasa, na kwamba habari za mitambo ni heri tuziachie Kiingereza. Dai hilo halijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kuchukua mtambo mmoja na kuueleza mpaka ueleweke.

Maneno matatu

Tutahitaji maneno matatu ambayo tayari tunayo. Tone ni wino ukiwa hewani. Nukta ni alama inayobaki tone likishatua karatasini. Tundu ni kitobo ambamo tone hutokea. Tofauti baina ya tone na nukta si ya mapambo ya lugha. Tone hupimwa kwa ujazo, nukta hupimwa kwa upana, na tone lile lile huacha nukta ndogo kwenye karatasi iliyopakwa dawa ya kunasa wino lakini nukta pana yenye kingo za manyoya kwenye karatasi ya kawaida, kwa kuwa nyuzi za karatasi huufyonza wino na kuutawanya.

Mnunuzi asiyetofautisha mambo haya hupotoka kwa urahisi. Kasha la printa likitangaza nukta 4800 kwa inchi, maana yake ni kwamba kichwa kinaweza kuamriwa kurusha tone katika kila 1/4800 ya inchi ya safari yake. Haimaanishi kwamba nukta yenyewe ina udogo huo. Sehemu hiyo ya inchi ni mikromita 5 na ushei, ilhali tone la pikolita 5 lina kipenyo cha takriban mikromita 21 hata kabla halijatua na kutanuka. Nukta hizo, kwa hiyo, hupandiana.

Na pikolita 5 ni kiasi gani? Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Wino wa kijiko hicho ungetosha matone bilioni moja ya ukubwa huo.

Namna mbili za kulisukuma tone

Tone halidondoki lenyewe. Ndani ya kibweta cha wino aghalabu mna sifongo au chombo kingine kinachouvuta wino nyuma kidogo, ili usichuruzike kupitia matunduni. Wino husimama kwenye mdomo wa tundu ukiwa umebonyea ndani, ukingoja kusukumwa. Kuna njia mbili kuu za kuusukuma.

Ya kwanza ni ya joto. Mnamo 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon nchini Japani, chuma moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha ya sindano. Mhandisi Ichiro Endo aliona katika ajali hiyo njia ya kuchapisha. Karibu na wakati huo, mwaka wa 1979, John Vaught wa kampuni ya Hewlett-Packard nchini Marekani alifikia wazo hilo hilo kwa njia yake. Nyuma ya kila tundu huwekwa kipasha joto kidogo sana. Umeme hupitishwa humo kwa takriban mikrosekunde 2. Yaani sekunde moja ikikatwa vipande milioni moja, tunazungumzia viwili tu. Wino unaogusana na kipasha joto hupata zaidi ya nyuzi 300 za selsiasi, lakini ni tabaka jembamba mno, lisilofikia mikromita moja. Tabaka hilo hulipuka kuwa mvuke, kiputo hutanuka na kuusukuma wino wa mbele yake nje ya tundu kwa kasi ya takriban mita 10 kwa sekunde. Kiputo hunywea, na wino mpya hujivuta wenyewe kuja kujaza nafasi, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Kisha zamu nyingine huanza.

Ya pili haichemshi chochote. Mwaka wa 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hujikunja au kujinyoosha. Kampuni ya Epson ilijenga printa zake juu ya msingi huo. Kipande cha kauri chenye tabia hiyo hubandikwa kwenye utando ulio ukuta wa kijichumba cha wino. Kikiamriwa, kwanza huuvuta utando nyuma ili wino uingie, kisha huusukuma mbele na tone likaruka. Kwa kubadilisha nguvu na mwendo wa umeme huo, tundu moja laweza kutoa tone dogo, la kadiri au kubwa, jambo ambalo ni gumu kwa kipasha joto, ambacho kama baruti hulipuka au hakilipuki.

Msomaji azingatie tofauti moja itakayotufaa baadaye. Kichwa cha joto ni rahisi kutengenezwa, hivyo katika printa nyingi za aina hiyo kimeunganishwa na kibweta chenyewe. Ukitupa kibweta umetupa na kichwa. Kichwa cha kauri ni ghali na hukaa ndani ya printa kwa maisha yake yote.

Safu za matundu

Printa ya ThinkJet, iliyotolewa na Hewlett-Packard mwaka wa 1984, ilikuwa na matundu 12 katika safu moja ya wima, na iliandika nukta 96 katika kila inchi. Herufi zake zilionekana wazi kuwa zimejengwa kwa nukta. Suluhisho lingeonekana jepesi, nalo ni kuyasogeza matundu karibu zaidi. Lakini kila tundu linahitaji kijichumba chake, kuta zake na mfereji wake wa wino, na kuta zikiwa nyembamba kupita kiasi, msukumo wa chumba kimoja hutikisa wino wa jirani.

Hapo ndipo safu mbili zilipoingia. DeskJet ya mwaka wa 1988 ilikuwa na matundu 50, safu mbili za matundu 25. Katika kila safu matundu yaliachana kwa 1/150 ya inchi. Safu ya pili ilishushwa kwa 1/300 ya inchi, hata kila tundu lake likawa linatazama pengo baina ya matundu mawili ya safu ya kwanza. Kichwa kinapotembea, safu inayotangulia huandika mistari witiri, na inayofuata huandika mistari shufwa katikati yake. Pamoja zinatoa nukta 300 kwa inchi. Mshairi angesema kwamba moja ni ukwapi na nyingine ni utao. Mshororo haujakamilika mpaka vipande vyote viwili visomwe. Hata hivyo, kuna sharti. Safu hizo hazipo mahali pamoja, hivyo ya pili lazima ingoje mpaka kigari kinachobeba kichwa kikifikishe mahali pale pale ambapo ya kwanza ilirushia. Kungoja huko hakukadiriwi kwa saa. Printa nyingi zina utepe angavu uliotandazwa kando ya njia ya kigari, wenye mistari myembamba sana, na jicho la mwanga ndani ya kigari huihesabu mistari hiyo safari nzima.

Kurusha kwa zamu

Katika ThinkJet, kila tundu lilikuwa na waya wake na waya mmoja wa pamoja wa kurudishia umeme. Viunganishi 13 vilitosha. Sasa tuchukue kibweta nambari 45 cha kampuni hiyo hiyo, kilichoanza kutumika katikati ya miaka ya 1990, chenye matundu 300 na uwezo wa nukta 600 kwa inchi. Kwa mtindo wa awali kingehitaji viunganishi 301. Kina 52 tu.

Siri yake inafanana na ukumbi wa mtihani. Msimamizi hahitaji kujua majina ya watahiniwa 300. Hutaja mstari na kiti, na mtahiniwa mmoja tu ndiye anayeinuka. Matundu yamegawanywa katika makundi 14, na ndani ya kila kundi kuna anwani 22. Mara 14 kwa 22 ni 308, kiasi kinachotosha na kubaki. Waya za makundi na za anwani ni 36 kwa jumla, na viunganishi vinavyosalia vina kazi nyingine, ukiwemo urudishaji wa umeme. Kichwa hutangaza anwani ya 1, na matundu yenye anwani hiyo, moja kutoka kila kundi, hurusha iwapo picha inahitaji nukta hapo. Kisha anwani ya 2, hadi ya 22. Kwa hivyo hata ukurasa ungekuwa mweusi tititi, matundu yasiyozidi 14 ndiyo yatakayorusha kwa wakati mmoja. Faida si kupunguza waya pekee. Lau matundu 300 yangechemsha wino kwa pamoja, yangedai umeme mwingi kwa ghafla, na majirani wangetikisana.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila tundu linatakiwa kuwa tayari kurusha mara 12,000 kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa anwani zote 22 una takriban mikrosekunde 83, na kila anwani inapata chini kidogo ya mikrosekunde 4. Kipasha joto kinahitaji 2. Nafasi ipo, ingawa hakuna ya kupoteza.

Lakini kigari hakisimami kusubiri zamu ziishe. Kwa kasi hiyo, na kwa nukta 600 kwa inchi, kinasafiri inchi 20 kwa sekunde, yaani karibu nusu mita. Katika mikrosekunde 83 kimekwisha kusogea mikromita 42, ambazo ndizo upana wa nafasi ya nukta moja. Maana yake ni kwamba tundu la anwani ya mwisho linarusha wakati kigari kimepita mahali pa la kwanza kwa karibu nukta nzima. Kama matundu yangekuwa yamenyooka wima, mguu wa herufi 'l' ungetoka na meno kama msumeno. Dawa yake, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya werevu mkubwa kabisa katika mtambo huu: safu huchongwa isiyonyooka. Kila tundu husogezwa kando kidogo, kwa umbali ule ule ambao kigari kitasafiri hadi zamu yake ifike. Ukitazama safu kwa hadubini utadhani fundi alikosea. Ni upotovu uliokusudiwa ili mstari unyooke.

Kulenga ukiwa mwendoni

Baina ya tundu na karatasi kuna pengo la takriban milimita moja. Tone linaloruka mita 10 kwa sekunde hulivuka kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Muda huo ni mfupi, lakini tone limeurithi mwendo wa kigari, nalo hutua milimita 0.05 mbele ya mahali liliporushwa. Utingo wa gari la magazeti analijua jambo hili bila hesabu. Gari lisiposimama, hutupa furushi kabla ya kufika usawa wa kibanda, la sivyo litaangukia mbele ya muuzaji.

Printa inayoandika kwenda upande mmoja tu isingeathirika, kwa kuwa kila nukta ingesogea kiasi kile kile. Inayoandika ikienda na ikirudi hupata tatizo maradufu: nukta za kwenda zinasogea kulia na za kurudi zinasogea kushoto, tofauti ikiwa milimita 0.1, zaidi ya nafasi mbili za nukta. Hii ndiyo sababu ya ule ukurasa wa kulinganisha ambao wengi wetu huutupa bila kuusoma. Una vistari vilivyochapishwa kwa kwenda na kurudi, ili printa ijue irushe mapema kiasi gani katika kila upande.

Kusuka mistari

Iwapo matundu yako mbali kuliko nukta zinazotakiwa, karatasi yenyewe hufanywa ishiriki. Tuchukue kichwa cha kubuni chenye matundu 5, yaliyoachana kwa mistari 3. Pito la kwanza linaandika mstari wa 1, 4, 7, 10 na 13. Karatasi inasogezwa mistari 5. Pito la pili linaandika wa 6, 9, 12, 15 na 18. Inasogezwa tena 5, na la tatu linaandika wa 11, 14, 17, 20 na 23. La nne wa 16, 19, 22, 25 na 28. Msomaji akiihesabu ataona kwamba kuanzia mstari wa 9 hakuna unaorukwa wala unaorudiwa. Mapengo ya mwanzoni hushughulikiwa kwa namna ya pekee juu ya ukurasa. Sasa ajaribu matundu 6 badala ya 5, mwachano ukiwa 3 ule ule, na karatasi isogezwe 6. Atajikuta akiandika mistari ile ile, ya 1, 4, 7 na kuendelea, na ya katikati haiguswi kamwe. Idadi ya matundu na mwachano wake lazima visiwe na kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja. Msusi wa ukili anayejua hesabu ya miyaa yake ataielewa kanuni hii haraka kuliko wengi wetu.

Usukaji huu una manufaa mengine. Mistari iliyo jirani ukurasani inaandikwa na matundu yaliyo mbalimbali kichwani, basi tundu linalorusha upande kidogo haliachi kasoro yake mahali pamoja. Printa ikiwekwa katika ubora wa juu, mstari mmoja waweza hata kugawanywa baina ya matundu mawili au zaidi, nukta hii likaandika hili na ile likaandika jingine. Ndiyo maana ubora wa juu huenda polepole.

Rangi hufuata utaratibu huo huo, kila rangi ikiwa na safu zake: samawati ya kijani, waridi iliyoiva, manjano na nyeusi. Kijivu hakimo. Kijivu ni nukta nyeusi zilizotawanywa katika weupe, na macho yetu ndiyo yanayoyachanganya.

Tundu likiziba

Wino wa tundu lililo wazi hupoteza maji na kuganda. Kwa hiyo kigari kikimaliza kazi huegeshwa juu ya kifuniko cha mpira kinachoyaziba matundu. Printa ikizimwa kwa kitufe chake hupata nafasi ya kujiegesha. Ikizimwa ukutani, au umeme ukipotea katikati ya ukurasa, jambo tunalolifahamu vyema, kichwa hubaki wazi mpaka utakaporudi. Baada ya umeme kurejea, inafaa printa iwashwe mara moja, hata kama kazi itaendelea kesho.

Mistari myeupe inayofuata njia ya kigari na kujirudia kwa mwachano ulio sawa ni dalili ya matundu yaliyoziba. Herufi zenye kivuli au mistari ya wima iliyovunjika ni ulinganishaji wa kwenda na kurudi uliopotoka, na kusafisha kichwa hakutaufaa. Utepe mwembamba mweusi au mweupe unaotokea kila mwisho wa pito mara nyingi hutokana na karatasi kusogezwa kidogo mno au kupita kiasi. Tofauti hizi zina bei. Usafishaji hunyonya wino kupitia matunduni na kuumwaga katika pedi iliyo chini ya printa. Anayesafisha mara tano kutibu tatizo la ulinganishaji amemwaga wino bure.

Na ikiwa kweli ni tundu, swali la kwanza liwe: kichwa kiko wapi? Kikiwa kwenye kibweta, kibweta kipya ni kichwa kipya. Kikiwa ndani ya printa, kama ilivyo katika nyingi za printa za tangi zilizoenea madukani siku hizi, wino mpya utapita katika matundu yale yale yaliyoziba na mistari itabaki. Aidha, wanaojaza upya vibweta vya joto wasingoje vikauke kabisa. Wino ndio unaokipoza kipasha joto. Kikilipuka pakavu, huungua, na tundu hilo halifufuki kwa kusafishwa.

Kwa wenzangu wanaotafiti tendi za kale kuna tahadhari moja ya ziada. Nakala za hati zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au SOAS ya London zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno hubaki na umbo moja la jino dogo. Nukta pekee ndizo zinazozitofautisha: moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu, mbili chini. Nukta ya mwandishi yenye upana wa nusu milimita hujengwa na mistari kama 12 ya printa ya nukta 600, hivyo tundu moja lililoziba litaikwaruza tu. Lakini picha ya ukurasa mzima ikipunguzwa iingie katika nusu karatasi, nukta hupungua pia, na matundu matatu au manne ya jirani yakiwa yameziba yaweza kuigeuza te kuwa jino tupu. Hali ya kuchapisha kwa haraka huongeza hatari hiyo, kwa kuwa printa huruka baadhi ya matone makusudi. Kadhalika, tone huruka na mkia, na mkia ukikatika huzaa vitone vidogo vinavyotua kando ya nukta kuu. Kwenye picha iliyopunguzwa sana, doa la namna hiyo juu ya jino si rahisi kulitenga na kalamu ya mwandishi. Kabla ya kuchapisha hati ya aina hiyo, tuchapishe kwanza ukurasa wa kukagua matundu, tuchague ubora wa juu, na pale usomaji unapotegemea nukta moja, turudi kwenye picha yenyewe katika kioo cha tarakilishi.